PIKAPU YETU INGOJE: FUNDI ALIPWE SIKU ZAKE NNE

Ndugu Wanachama,

Jumapili ijayo tawi letu litakutana kuamua jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni jambo la pikapu ya chama iliyo juu ya vigogo nyuma ya ofisi. Swali ni hili: je, tumwongeze mzee fundi siku nne pamoja na ujira wa siku hizo, au tumwambie afunge bodi, apake rangi, na gari liwe barabarani tarehe 1 Mei, Siku ya Wafanya Kazi? Katika mkutano uliopita sauti nyingi zilisema afunge. Sisi wa gengi la njia ya reli tulikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zile. Leo twaandika kusema kwamba tulikosa, na kueleza kwa nini.

Kwa wenzetu wa stesheni za mbali ambao hawajaliona gari lenyewe, hii ni Land Rover ya 109, ya namna ile iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971. Hiyo 109 ni inchi, yaani mwendo kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, karibu sentimita 277. Gari hili limechukua wagonjwa wetu, limechukua majeneza ya wenzetu mpaka makwao, na limepeleka karatasi hizi mnazozisoma. Hakuna mwanachama asemaye liuzwe. Sote twataka litengenezwe.

Bodi yake ni ya aluminiamu. Land Rover zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu kule Uingereza baada ya vita, kwa hivyo waliotengeneza wakatumia aluminiamu kwa bodi. Ndiyo maana ukiitazama pikapu yetu kwa nje, waona mabonde ya kugongwa lakini huoni bati lililoliwa likatoboka. Lakini chini ya bodi kuna chasisi, ule mfupa wa gari, na chasisi ni chuma. Ni mihimili miwili mirefu, mmoja kushoto na mmoja kulia, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama kama ngazi iliyolazwa chini. Kila mhimili umeundwa kwa mabamba manne yaliyochomelewa hata yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope yakiingia humo hayatoki upesi. Kutu huanza ndani, na siku uionayo kwa nje, kazi yake imekwisha zamani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Basi mhimili wetu wa kushoto ulikuwa umeoza kuanzia nyuma ya kebini mpaka chuma cha kukingama cha mwisho. Mzee fundi aliugonga kwa nyundo ndogo mbele ya kamati, na nyundo ikaingia ndani. Mzee huyu twamjua wote. Alifanya kazi ya chuma katika karakana kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kamati ilikubaliana naye atengeneze kipande kipya cha mhimili, akitie, na kazi nzima iishe kwa wiki tatu, kwa bei moja ya kazi nzima. Hapo ndipo tulipoanza kuharibu.

Wiki ya pili ilipofika, kila mtu aliyepita pale alikuwa na neno. "Mzee, bado?" "Mzee, hiyo ni pikapu, si meli!" Katibu alikwenda mara mbili, na mara ya pili alimwambia kwamba wanachama wamechoka na kwamba chuma kile lazima kionekane kimeshikwa kabla ya mkutano. Jambo hilo limo katika kitabu cha mkutano, hatulizui. Jioni ile mzee alichomelea kiungo cha mbele na kiungo cha nyuma kwa mfululizo, bila kupumzisha moto. Kesho yake mkutano ulifurahi, kwa sababu chuma kilionekana kimeshikwa.

Siku mbili baadaye mzee alikuja ofisini mwenyewe akasema: "Mhimili si sawa. Nataka kukata nianze tena. Nataka siku nne." Tukacheka. Wengine walisema anataka kula pesa za chama. Mwenzetu mmoja wa gengi alisema magari mangapi yanatembea Kenya yakiwa yamepinda, na yanafika. Mzee hakujibu. Alisema tu, "Njooni na tepu yenu wenyewe."

Tulikwenda watu watano. Tutaeleza tulichokiona, ili kila mwanachama apige kura akiwa anajua.

Chasisi ilikuwa juu ya vigogo vya mataruma ya zamani. Kwanza mzee alituonyesha kwamba vigogo vyenyewe viko sawa. Alichukua mpira mrefu mwembamba wa kuona ndani, akautia maji, akashika ncha moja upande huu na ncha nyingine upande ule. Maji hayamwogopi katibu wala mwenyekiti. Husimama kimo kimoja pande zote mbili. Kwa maji hayo mihimili ilikuwa sawa mbele na katikati. Nyuma, upande wa kushoto, chuma kilikuwa chini kwa milimita 6.

Kisha alitupa timazi, ule uzi wenye uzito wa chuma mwishoni. Tuliutundika kwenye tundu la springi upande wa kulia, tukatia alama ya chaki sakafuni. Tukafanya vivyo hivyo upande wa kushoto, na kwenye matundu mengine, mbele na nyuma, kila tundu na mwenzake. Kati ya kila alama mbili tulitia alama ya katikati, kisha tukavuta uzi mmoja kutoka mbele mpaka nyuma. Kama chasisi imenyoka, alama zote za katikati hulala chini ya uzi ule. Za mbele zililala. Ya nyuma ilikuwa kando.

Mwishowe tulipima pembe kwa pembe kwenye zile alama za chaki: kutoka alama ya mbele kulia mpaka ya nyuma kushoto, kisha kutoka ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia. Vipimo hivyo viwili vilipaswa kuwa sawasawa. Vyetu vilitofautiana milimita 9. Tukapima pande zenyewe, na upande wa kushoto ulipungua milimita 10 kuliko wa kulia. Tulipima mara tatu, kila mara mtu mwingine akishika tepu, maana hatukutaka kuamini.

Hapo mzee alitufundisha jambo ambalo mafundi wengi vijana hawalijui. Pembe kwa pembe peke yake haitoshi. Kitu chenye mbele nyembamba na nyuma pana, kikiwa kimepanuka sawa pande zote mbili, kitakupa pembe kwa pembe zilizo sawa, na bado si umbo unalolitaka. Kwa hivyo lazima upime upana wa mbele, upana wa nyuma, urefu wa kushoto, urefu wa kulia, na pembe kwa pembe, vyote pamoja. Tena vyote hivyo ukivipima kwa alama za sakafuni vyaweza kuwa sawa, na chasisi ikawa imejisokota kama kamba, kona moja juu na kona moja chini. Kwa hivyo kuna ule mpira wa maji. Kipimo kimoja chaweza kudanganya; vipimo vikisaidiana ni vigumu kudanganya.

Tulimwuliza, je, milimita 10 ni kitu? Ni unene wa kidole kidogo. Alituambia tufanye hesabu, nasi tukaifanya kwa chaki pale sakafuni. Magurudumu ya nyuma ya Land Rover hii yameachana karibu mita 1.3. Ekseli ikiwa mshazari kwa milimita 10 tu kati ya gurudumu na gurudumu, basi kwa kila mita 100 za mbele magurudumu hayo yanaelekea kando kwa sentimita 76 hivi. Na springi zimekaribiana kuliko magurudumu, kwa hivyo kosa la milimita 10 kwenye springi huwa kubwa zaidi likifika kwenye gurudumu. Dereva atashika usukani upande mmoja siku zote ili gari lende mbele, na gari litakwenda kikaa, sehemu ya nyuma ikitoka kando. Matairi yataliwa. Barabara kavu atalizoea. Lakini siku ya mvua, katika matope, gari limejaa watu nyuma na dereva akikanyaga breki ghafula, hapo ndipo milimita 10 zitakapodai deni lake.

Ndugu zetu, sisi wa njia ya reli tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, ina mita moja kati ya chuma na chuma, na ile mpya iliyoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina milimita 1,435. Hakuna mtu wa gengi asiyejua geji ni nini. Tumemwona nyapara akipiga magoti, akiweka jicho lake juu ya chuma, akitazama mbele, kisha akiinua mkono kwamba pale pamejikunja kidogo, na watu wanachukua mitaimbo kusukuma. Hatujamwambia nyapara yule kwamba anapoteza wakati. Twajua kwamba gari la moshi halisamehe. Kwa nini basi tulidhani pikapu itatusamehe?

Sasa tuseme habari ya moto, maana wengine wameuliza kosa lilitoka wapi. Chuma kikichomelewa hupata joto na kupanuka. Kikipoa hujivuta, na hujivuta kuelekea pale palipochomwa. Ukichomelea upande mmoja mfululizo, mhimili hukunjika kama ndizi. Njia ya haki ni kushikiza kwanza kwa madoa madogo ya moto, kisha kupima, kisha kuchomelea kipande kifupi juu, kipande kifupi chini, kipande kifupi ndani, kipande kifupi nje, ukiacha chuma kipoe, na kupima tena kila mara. Tena kabla ya kukata cha zamani yafaa kufunga vyuma vya kushikilia kati ya mhimili mzuri na ule mbovu, na kuandika vipimo vyote, ili ule mzuri uwe shahidi. Mzee alifanya hayo yote, akauacha mhimili wa kulia bila kuugusa. Betri aliitoa, na tangi la petroli akalitoa, kwa maana hata tangi tupu lina mvuke uwezao kulipuka. Kitu kimoja tu hakukifanya: kupumzisha moto. Na hilo hakulifanya kwa sababu yetu.

Yeye mwenyewe hakujificha. Alituambia: "Kosa ni langu, kwa kuwa nilikubali kuharakishwa. Siku mbili nitafanya bure." Maneno hayo yalituumiza kuliko kama angetutukana.

Maana fikirini, ndugu. Chama hiki kilianzishwa kwa nini? Kila mwaka twasimama mbele ya waajiri na kusema: msimharakishe mtu anayefanya kazi ya hatari, msimpe mtu kazi ya siku kumi kwa bei ya siku sita, fundi akisema kitu si salama, msikilizeni, wala msimfukuze kazi. Wengi wetu tuna wenzetu walioumia kwa sababu msimamizi fulani alisema "fungeni tu, tutarekebisha kesho." Halafu siku ile chama kilipokuwa mwajiri, kwa fundi mmoja, kwa gari moja, tulifanya yale yale. Tulimpa bei ya kazi nzima ili hasara ya kila siku inayozidi iwe yake. Tulimsukuma. Alipotuambia ukweli tukamwita mwizi. Nyani haoni kundule.

Twajua yatakayosemwa Jumapili, nasi tutayajibu sasa.

La kwanza, kwamba pesa ni za wanachama. Ni kweli, na ndiyo sababu hatutaki zitupwe. Kufunga bodi juu ya chasisi iliyopinda ni kulipa mara mbili: mara ya kwanza kufunga, mara ya pili kufungua. Boliti zote zitoke, nyaya zitoke, mabomba ya breki yatoke, ndipo fundi afike kwenye kiungo kile kile anachotaka kukikata leo kikiwa wazi mbele yake. Siku nne za leo zitakuwa siku kumi na nne baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili, kwamba mafundi huongeza siku ili wale. Wako wa namna hiyo, hatukatai. Lakini dawa yao si kelele. Dawa yao ni tepu. Mzee hakutuambia "niaminini kwa kuwa nina mvi." Alituambia tulete tepu yetu. Fundi mwongo hapendi kupimwa, na mwajiri mwongo vile vile. Kipimo humlinda mwanachama asiibiwe, na humlinda fundi asisingiziwe. Kazi ikipimwa mbele ya watu, hakuna haja ya kutukanana.

La tatu, kwamba kosa ni lake, kwa hivyo asilipwe. Hili ndilo gumu, na wenzetu wanaolisema si wabaya. Twajibu hivi: yeye alishika moto, lakini haraka ilikuwa yetu, na imeandikwa. Mwajiri akimsukuma mtu hata akakosea, kisha akamkata mshahara kwa kosa lile, chama hiki humtetea mtu huyo. Hatuwezi kuwa na sheria moja kwa waajiri na nyingine kwa nafsi zetu. Zile siku mbili za bure alizotupa kwa wema wake, tusizipokee. Haraka tuliinunua sisi, na bei yake tuilipe sisi.

La nne, kwamba tutaona haya tarehe 1 Mei tukitembea kwa miguu nyuma ya bendera wakati matawi mengine yana magari. Haya ya namna hiyo twaweza kuivumilia. Tumetembea kwa miguu miaka mingi.

Kwa hivyo sisi wa gengi tutapendekeza mambo matatu, na twaomba mtuunge mkono.

Kwanza, fundi apewe siku nne na alipwe zote nne: siku moja ya kukata na kuegemeza, siku moja ya kushikiza na kupima na kuacha chuma kilale usiku kucha, na siku mbili za kuchomelea kidogo kidogo.

Pili, bodi isirudishwe mpaka wanachama wawili wasio wa kamati wamepima pamoja na fundi, na vipimo vyote, urefu, upana, pembe kwa pembe na kimo cha maji, viandikwe katika kitabu cha tawi na kutiwa sahihi na wote watatu. Mwanachama yeyote atakayetaka kuvitazama apewe kitabu.

Tatu, tangu leo, chama kikimwajiri mtu kwa kazi ya hatari, kimlipe kwa siku, si kwa bei ya kazi nzima, na akisema "simamisheni," kazi isimame mpaka ikaguliwe. Yale tunayoyadai kwa waajiri yaanze nyumbani kwetu.

Kuna mwenzetu mmoja aliyeuliza swali mle gereji, wakati sisi tunabishana habari ya pesa. Aliuliza, "Nani atapanda nyuma?" Tulinyamaza, kwa sababu jibu sote tulilijua. Watapanda wake zetu wakienda hospitali kujifungua. Watapanda watoto wetu. Atapanda mwenzetu aliyefariki, na sisi tukiwa tumelizunguka jeneza lake, tukilishikilia kwa mikono katika kona za barabara. Mhimili ule wa kushoto ndio utakaotuchukua.

Pikapu haijafungwa bado. Iko wazi juu ya mataruma, na alama za chaki bado ziko sakafuni. Jumapili, kabla ya mkutano kuanza, mlango wa nyuma utakuwa wazi. Njooni saa moja mapema, na mwenye tepu aje nayo.

Ndimi wenzenu,
Watu wa Gengi la Njia ya Reli